Kugeuza matini na thamani za ukweli kuwa nambari kamili katika Fortran: mwongozo kamili

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha Fortran, lugha ya kuandikia programu, jioni hapa Nairobi aliniletea jedwali la jumla ya mvua ya kila mwaka, uso umemkunjika. Jiji hili hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kwa hivyo kukuta 864 au 1,024 katika jedwali kama hilo si ajabu. Lakini programu yake ilisema kuna miaka iliyopata milimita 1 tu. "Mwalimu," akaniuliza, "mbona miaka ya mafuriko ndiyo imekauka?"

Alikuwa ameshalishika tatizo bila kujua. Kila mwaka uliopita milimita 999 ulikuwa umeandikwa kwa koma. Fortran iliposoma "1,024" ilichukua 1, ikakutana na koma, ikaona kazi imekwisha. Haikutoa kosa lolote. Kigeu cha hali, yaani nafasi ya kumbukumbu inayopokea taarifa ya jinsi usomaji ulivyokwenda, kilirudi na sifuri, ishara kwamba mambo ni shwari.

Kugeuza matini kuwa nambari kunaonekana kazi ya mstari mmoja, na kweli mstari huo upo, nitauonyesha sasa hivi. Ila usomaji unaokataa hausumbui sana, kwa sababu unajitangaza wenyewe. Unaoumiza ni ule unaokubali, kisha ukakukabidhi nambari ambayo hukuiandika. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kwanza tunasoma kwa urahisi, halafu tunaona pale usomaji huo unapotudanganya, kisha tunajenga msomaji mkali. Thamani za ukweli, yaani zile za `.true.` na `.false.`, zina mitego yake na nimezipa sehemu yake.

## Hatua ya 1: Andaa kompaila

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandika kuwa programu inayoweza kuendeshwa; hapa tunatumia gfortran. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install gfortran` inatosha. Andika msimbo kwenye faili lenye kiambishi `.f90`, kisha uukompaili hivi:

```
gfortran -std=f2018 -Wall -Wextra -fcheck=all jaribu.f90 -o jaribu
./jaribu
```

Usiziruke hizo alama za katikati. `-std=f2018` inaifanya kompaila ikatae nyongeza zake yenyewe zisizo katika kiwango rasmi cha lugha, na tukifika kwenye thamani za ukweli utaona faida yake.

## Hatua ya 2: Usomaji wa mstari mmoja

Fortran haina funksheni ya kugeuza matini kuwa nambari kama lugha nyingine nyingi zilivyo nayo. Badala yake inaichukulia matini kana kwamba ni faili dogo lililo ndani ya kumbukumbu, na unalisoma kwa amri ileile ya `read`. Njia hii ilikuja na Fortran 77, toleo lilelile lililoleta aina ya `character`. Kabla ya hapo, matini yalikuwa yakibanwa ndani ya vigeu vya nambari. Ukirithi msimbo wa zamani ukakuta jina la kituo limehifadhiwa kwenye `INTEGER` na linaandikwa kwa fomati ya `A4`, usidhani mtu alikosea. Ndivyo ilivyofanywa enzi hizo.

```fortran
program jaribu
  implicit none
  character(len=20) :: matini
  integer :: mvua, hali

  matini = '864'
  read(matini, *, iostat=hali) mvua
  print *, mvua, hali
end program jaribu
```

Nyota ndiyo inayoiambia Fortran ijitafutie yenyewe nambari inapoanzia na inapoishia. `iostat=hali` inakusanya matokeo: sifuri ni sawa, nambari chanya ni kosa, na hasi ni kwamba matini yaliisha kabla ya kupatikana chochote. Usipoweka `iostat`, kosa la kwanza tu litaisimamisha programu nzima.

Jihadhari pia na urefu wa kigeu cha matini. Ungekitangaza kuwa `character(len=4)` halafu ukakipa `'12500'` kutoka kwenye matini mengine, kingebeba `1250` na tarakimu ya mwisho ingepotea bila neno.

## Hatua ya 3: Pale nyota inapokudanganya

Sehemu hii ndiyo ninayotaka ukae nayo. Badilisha `'864'` katika programu ile uweke hizi zifuatazo moja baada ya nyingine, na kila mara utazame zote mbili, nambari na hali.

`'1,024'` inatoa 1, hali 0. Koma ni kitenganishi.

`'45 mm'` inatoa 45, hali 0. Nafasi nayo ni kitenganishi, na kinachofuata hakiangaliwi. Lakini `'45mm'`, bila nafasi, inatoa kosa. Watu wawili wakijaza daftari moja, mmoja akiacha nafasi na mwingine asiache, nusu ya safu mlalo zitapita na nusu zitakwama.

`'12/04'` inatoa 12. Mkwaju una maana ya "acha kusoma hapa". Na ukiweka `'/'` peke yake, hali ni 0 na kigeu hakiguswi kabisa: kinabaki na kile kilichokuwemo.

`'3*7'` inatoa 7. Kwa Fortran hiyo ni "7 mara tatu", na wewe uliomba moja tu, kwa hivyo unapewa hiyo.

Kisha kuna matini matupu, `''`. Hapa hali inakuwa hasi, na hilo ni jema. Shida inakuja kwa mtu asiyeiangalia hali. Kiwango rasmi kinasema kwamba baada ya kosa au mwisho wa faili, kigeu hakina thamani ya kutegemewa. Kwa vitendo mara nyingi hubaki na thamani ya mzunguko uliopita. Fikiria kitanzi kinachosoma mvua ya kila siku: leo mpimaji hakufika kituoni, nafasi ni tupu, na programu inaipa leo mvua ya jana. Hakuna atakayegundua, kwa kuwa nambari yenyewe inafanana na mvua ya kweli.

Wengine wakishaonywa juu ya nyota hukimbilia fomati ya wazi, `read(matini, '(I10)')`. Nayo ina upole wake wa hatari. Nafasi zilizo katikati ya tarakimu hupuuzwa, kwa hivyo `'1 2'` inakuwa 12. Uwanja mtupu husomwa kuwa 0, hali 0. Kwa data ya mvua hili ni baya kuliko kosa lolote: siku ambayo haikupimwa inageuka kuwa siku kavu. Sifuri ya kipimo ni habari kamili, ina maana kwamba mtu alienda, akatazama chombo, akakuta hakuna maji. Pengo halisemi hivyo. Mtu anayetafuta mwanzo wa masika katika daftari la namna hiyo atapotoka kwa wiki nzima.

Na `'(I10)'` huangalia herufi kumi za kwanza tu. Ya kumi na moja haipo machoni pake.

## Hatua ya 4: Jenga msomaji mkali

Dawa ni kuyakagua matini kabla ya kuyasoma. Tunataka ishara moja kwa hiari, `+` au `-`, halafu tarakimu tupu, basi. Funksheni ya `verify` imeundwa kwa kazi hii: inarudisha nafasi ya herufi ya kwanza isiyomo katika orodha uliyoipa, au 0 kama zote zimo.

```fortran
module badili
  implicit none
contains

  subroutine soma_nambari(matini, thamani, sawa)
    character(len=*), intent(in)  :: matini
    integer,          intent(out) :: thamani
    logical,          intent(out) :: sawa
    character(len=:), allocatable :: safi
    character(len=16) :: fomati
    integer :: mwanzo, hali

    thamani = 0
    sawa = .false.

    safi = trim(adjustl(matini))
    if (len(safi) == 0) return

    mwanzo = 1
    if (safi(1:1) == '+' .or. safi(1:1) == '-') mwanzo = 2
    if (mwanzo > len(safi)) return
    if (verify(safi(mwanzo:), '0123456789') /= 0) return

    write(fomati, '(A,I0,A)') '(I', len(safi), ')'
    read(safi, fomati, iostat=hali) thamani
    if (hali /= 0) then
      thamani = 0
      return
    end if
    sawa = .true.
  end subroutine soma_nambari

end module badili
```

Tuupitie. `adjustl` inasogeza matini kushoto na `trim` inakata nafasi za mwisho, ili `'  -12 '` ibaki `'-12'`. Mstari wa `mwanzo > len(safi)` unamkamata aliyeandika `-` peke yake. Fomati tunaiunda papo hapo kulingana na urefu, kwa sababu `I0` inaruhusiwa wakati wa kuandika, hairuhusiwi wakati wa kusoma.

Baada ya `verify` kupita, kitu kimoja tu bado kinaweza kuharibika: ukubwa. Nambari kamili ya kawaida katika gfortran ina biti 32 na inaishia 2147483647. Ukiipa `'99999999999'`, `read` yenyewe itarudisha hali isiyo sifuri na `sawa` itabaki `.false.`. Kama kazi yako ina nambari kubwa, tumia `int64` kutoka `iso_fortran_env` na utangaze `integer(int64)`. Hapo unafika 9223372036854775807.

Nimeona watu wakijenga nambari kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, kwa `n = n*10 + tarakimu`. Inafanya kazi na ni zoezi zuri, lakini ikizidi ukubwa hakuna atakayekuambia. Iachie `read`.

## Hatua ya 5: Koma, tabo na vitu visivyoonekana

Msomaji wetu sasa anaikataa `'1,024'`. Sawa kabisa, lakini yule kijana bado anaihitaji nambari yake. Tunaondoa koma, ila baada ya kuhakikisha ni koma ya maelfu. Wapo wanaoandika `12,5` wakimaanisha kumi na mbili na nusu, na ukiiondoa koma hiyo utapata 125. Koma ya mwisho ya maelfu lazima ifuatwe na tarakimu tatu hasa:

```fortran
  function ondoa_koma(matini) result(safi)
    character(len=*), intent(in)  :: matini
    character(len=:), allocatable :: safi
    integer :: i, k

    k = index(matini, ',', back=.true.)
    if (k > 0 .and. len_trim(matini) - k /= 3) then
      safi = trim(matini)
      return
    end if

    safi = ''
    do i = 1, len_trim(matini)
      if (matini(i:i) /= ',') safi = safi // matini(i:i)
    end do
  end function ondoa_koma
```

Ikishuku, inayarudisha matini yalivyo, na `soma_nambari` itayakataa. Unaita `call soma_nambari(ondoa_koma(matini), n, sawa)`. Iweke ndani ya moduli ileile.

`trim` na `adjustl` hushughulikia nafasi ya kawaida peke yake. Tabo, ambayo ni `achar(9)`, haiguswi. Vivyo hivyo `achar(13)`, ile inayokaa mwisho wa mistari ya mafaili ya Windows. Ile nafasi isiyokatika inayonakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti ni baiti mbili katika UTF-8, 194 na 160, na kwa jicho haina tofauti na nafasi yoyote. Ukiona nambari inakataliwa na hujui kwa nini, chapisha `iachar` ya kila herufi, yaani nambari inayoiwakilisha herufi hiyo ndani ya kompyuta. Dakika moja ya kufanya hivyo huokoa jioni nzima.

## Hatua ya 6: Matini yenye nukta

Kina cha mto husomwa kwenye ubao wa vipimo kwa mita, tuseme `'4.35'`, nasi tunataka sentimita kamili. Njia ya haraka ni kusoma nambari ya desimali halafu kuzidisha kwa 100:

```fortran
use, intrinsic :: iso_fortran_env, only: real64
real(real64) :: mita
integer :: sm

read(matini, '(F20.0)', iostat=hali) mita
sm = int(mita * 100)     ! 434
sm = nint(mita * 100)    ! 435
```

Mstari wa `int` si chapa iliyokosewa. Katika biti 64, 4.35 haiwezi kuhifadhiwa sawasawa. Ukizidisha kwa 100 unapata 434.99999999999994, na `int` hukata kilicho nyuma ya nukta bila kuuliza. Sentimita moja imekwenda. `nint` huenda kwenye nambari kamili iliyo karibu zaidi, na nusu ikitokea huipeleka mbali na sifuri. Kwa vipimo, tumia `nint`. Ukitaka kushuka daima kuna `floor`, kupanda daima kuna `ceiling`, kumbuka kwamba `int(-4.7)` ni -4 ilhali `floor(-4.7)` ni -5.

Kwa nini nimeandika `F20.0` na si `F20.2`? Kwa sababu ile 2 ina maana katika kusoma: matini yasipokuwa na nukta, Fortran huiweka yenyewe. `'435'` ikisomwa kwa `F20.2` inakuwa 4.35. Nukta ikiwepo kwenye matini, ndiyo inayoshinda. Ukiweka sifuri unakuwa salama pande zote mbili.

Kagua kwa `verify` hapa pia, ukiongeza nukta katika orodha. Usipofanya hivyo, matini kama `'inf'` au `'nan'` yatasomwa kuwa nambari halali za desimali, na `nint` ya vitu hivyo haina maana.

## Hatua ya 7: Herufi moja, na majina ya miezi

Kwa tarakimu moja huhitaji `read`: `iachar('7') - iachar('0')` ni 7, kwa kuwa tarakimu zinafuatana kuanzia 48. Vivyo hivyo `iachar('C') - iachar('A') + 1` ni 3. Tumia `iachar` badala ya `ichar`, maana `iachar` imefungwa kwenye ASCII, orodha sanifu ya nambari za herufi, popote programu itakapoendeshwa, na `ichar` hufuata mpangilio wa mashine.

Miezi unaitafuta kwenye safu, yaani orodha ya thamani zilizo chini ya jina moja:

```fortran
character(len=3), parameter :: miezi(12) = &
  ['JAN','FEB','MAC','APR','MEI','JUN', &
   'JUL','AGO','SEP','OKT','NOV','DES']

mwezi = findloc(miezi, 'MAC', dim=1)   ! 3, au 0 kama haupo
```

## Hatua ya 8: Thamani za ukweli

Aliyetoka C au Python atataka kuandika `n = mvua > 0` na kupata 1 au 0. Kiwango rasmi cha Fortran hakiruhusu. gfortran ikiachwa bila `-std` inakubali kama nyongeza yake, ikitoa onyo, na hapo ndipo watu wengi huzoea vibaya.

Ubaya wake ni huu. Kiwango rasmi hakisemi `.true.` inaonekanaje ndani ya kumbukumbu. Katika gfortran ni 1. Katika kompaila ya Intel, kwa mpangilio wake wa kawaida, ni -1, yaani biti zote zimewashwa. Mtu anayehesabu siku za mvua kwa kunyakua biti hizo moja kwa moja, kwa mfano kwa `transfer(ukweli, 0)`, atapata 12 kwenye kompyuta yake ya mkononi na -12 kwenye mashine kubwa ya chuo. Programu ileile, data ileile.

Basi itaje nambari unayoitaka wewe mwenyewe. `merge` ndiyo njia:

```fortran
n = merge(1, 0, mvua > 0)
```

Ukweli ukiwepo unapata ya kwanza, usipokuwepo unapata ya pili. Inafanya kazi pia kwenye safu nzima bila kitanzi. Na kama unachotaka ni idadi, `count` inahesabu moja kwa moja:

```fortran
siku_za_mvua = count(ipo .and. mvua > 0)
jumla        = sum(mvua, mask=ipo)
```

Hapo `ipo` ni safu ya thamani za ukweli inayosema siku ipi ilipimwa. Naipendelea kuliko desturi ya kujaza -99 au -999 kwenye mapengo. Siku moja mtu atasahau, na -999 moja ikiingia kwenye jumla ya mwezi, mwezi wa masika unakuwa na mvua hasi.

`merge` ina kona moja kali. Si `if` iliyofupishwa: kompaila ina ruhusa ya kukokotoa pande zote mbili kabla ya kuchagua. `merge(jumla / siku, 0, siku > 0)` inaweza kugawanya kwa sifuri hata pale ambapo jibu lingekuwa 0. Panapokuwa na mgawanyo au faharasa ya safu inayoweza kutoka nje, andika `if` kamili.

Ikitumika vizuri, inarembesha hesabu. Huu ni mfululizo mrefu zaidi wa siku kavu:

```fortran
kavu = 0
refu = 0
do i = 1, size(mvua)
  kavu = (kavu + 1) * merge(1, 0, ipo(i) .and. mvua(i) == 0)
  refu = max(refu, kavu)
end do
```

Siku ya mvua inaizidisha kwa sifuri na hesabu inaanza upya. Siku isiyopimwa nayo inavunja mfululizo. Hilo ni chaguo langu: sitaki kudai ukavu ambao hakuna aliyeushuhudia.

Ukiwa na thamani kadhaa za ukweli unazotaka kuziweka katika nambari moja, zipe uzito wa mbili: `merge(1,0,a) + merge(2,0,b) + merge(4,0,c)`. Kuzitoa tena unatumia `btest(nambari, 0)`, `btest(nambari, 1)` na kuendelea. Kurudi kutoka nambari moja hadi ukweli ni `n /= 0`. Na ukilinganisha thamani mbili za ukweli, tumia `.eqv.`; `==` itakataliwa.

## Hatua ya 9: Ndiyo na Hapana

Mwisho wa kila safu mlalo ya daftari la kijana yule palikuwa na jibu la swali kama chombo kilisafishwa. Alijaribu kulisoma hivi: `read(matini, *) ukweli`. "Hapana" ilitoa kosa. Lakini mahali ambapo mpimaji aliandika "Tatizo", Fortran ilisoma `.true.`.

Sababu yake ni kwamba Fortran, ikisoma thamani ya ukweli, hutafuta herufi T au F, ikiwa na nukta mbele yake au bila, na herufi zinazofuata hazihesabu. "Tatizo" ni kweli, "Tafadhali" ni kweli, "Fulani" si kweli. Kwa maneno ya Kiswahili njia hii haifai kabisa. Orodhesha majibu unayoyakubali:

```fortran
  pure function ndogo(s) result(r)
    character(len=*), intent(in) :: s
    character(len=len(s)) :: r
    integer :: i, k
    r = s
    do i = 1, len(s)
      k = iachar(s(i:i))
      if (k >= 65 .and. k <= 90) r(i:i) = achar(k + 32)
    end do
  end function ndogo

  pure integer function jibu(s)
    character(len=*), intent(in) :: s
    select case (trim(ndogo(adjustl(s))))
    case ('ndiyo', 'ndio', '1')
      jibu = 1
    case ('hapana', 'la', '0')
      jibu = 0
    case default
      jibu = -1
    end select
  end function jibu
```

Utaniuliza mbona nimeiacha "N". Nimeiacha makusudi. Hapa Nairobi fomu moja huja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, na mara nyingi zote mbili huishia kwenye jedwali moja. Kwa Kiswahili N ni ndiyo. Kwenye fomu ya Kiingereza herufi hiyohiyo ni hapana. Hakuna programu inayoweza kujua mwandishi alikuwa akifikiri kwa lugha ipi. Iache ianguke kwenye -1, kisha uende kwa aliyejaza umuulize.

## Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kuamini

Weka sehemu zote ndani ya moduli ya `badili`, kisha uijaribu kwa matini mabaya kabla ya kuikabidhi daftari lako:

```fortran
program pima
  use badili
  implicit none
  character(len=16) :: mifano(8)
  integer :: i, n
  logical :: sawa

  mifano = [character(len=16) :: '864', ' -12 ', '1,024', &
            '45 mm', '', '3*7', '99999999999', '+7']

  do i = 1, size(mifano)
    call soma_nambari(ondoa_koma(mifano(i)), n, sawa)
    print '(A16, I12, I4)', mifano(i), n, merge(1, 0, sawa)
  end do
end program pima
```

Safu wima ya mwisho inapaswa kuwa na 1 mara nne: kwa `864`, `-12`, `1,024` na `+7`. Nyingine zote ni 0. Ukipata tofauti, rudi kwenye `verify` kwanza.

Unaposoma faili lenyewe, usiipe `read` nyota na vigeu moja kwa moja. Soma mstari mzima kama matini kwa `read(kitengo, '(A)', iostat=hali) mstari`, tafuta vitenganishi kwa `index`, kata vipande, kisha kila kipande ukipeleke kwa `soma_nambari` au `jibu`. Na kipande kikikataliwa, kionyeshe kilivyo, pamoja na nambari ya mstari:

```fortran
if (.not. sawa) print '(A,I0,3A)', 'Mstari ', i, ': [', trim(kipande), ']'
```

Mabano ya mraba yapo ili nafasi na tabo za mwanzoni, na vitu vingine visivyoonekana vilivyoganda mwishoni, vijitokeze. Kijana alipoendesha programu yake mpya, ile miaka iliyokauka ilirudisha mvua yake, na chini ya jedwali pakawa na mistari michache iliyokataliwa. Mmoja ulisomeka `[1,O12]`, yenye herufi O mahali pa sifuri. Aliirekebisha kwa mkono, baada ya kufungua daftari la karatasi na kuuona mwaka wenyewe.